Moto Aliouwasha Baba Vaileth

Nyololo, Novemba

Mama yangu,

Shikamoo. Ndaga fijo kwa maharage, yamefika salama. Mgongo unaendeleaje? Na kaka Ambakisye, mvua za huko Tukuyu zimeshamruhusu kupanda viazi? Mimi mwili ni mzima, ila moyo haujatulia.

Unamkumbuka Baba Vaileth, mwenye nyumba ninayopanga, yule uliyeongea naye kwenye simu nilipoanza kazi ya kuchunga moto wa msitu kutoka juu ya mnara. Yuko mahabusu.

Wabena wa hapa, tangu wazazi wao, walikuwa wanachoma nyasi mapema, mwezi wa sita, umande ukiwa bado haujakauka, kipande kwa kipande, majirani wamesimama na matawi mabichi. Moto wa namna hiyo unatembea taratibu na kuzimika asubuhi hiyohiyo, halafu kiangazi kikikolea moto mkubwa haupati cha kula. Kijiji kilipoingia kwenye mradi wa hewa ukaa, wa kulipwa kwa kutunza miti isiungue, kila moto ukapigwa marufuku. Baba Vaileth aliomba mkutanoni waachiwe ule mdogo. Afisa wa mradi alikubaliana naye, akasema atawauliza wakubwa wake. Tukasubiri. Misimu miwili nyasi zikasimama mpaka kifuani.

Mwezi uliopita, mchana, nikaona moshi bondeni. Nikatoa taarifa kwa redio, ila gari la maji lilikuwa mbali. Moto ukapanda kuelekea nyumba zetu nami niko juu, naona mpaka kanga za Mama Vaileth kwenye kamba. Simu ikaita. Alikuwa Baba Vaileth.

"Mwanangu, nataka niwashe moto hapa barabarani, ukakutane na ule unaopanda. Upepo ukoje huko juu?"

Nikatazama. Nikamwambia, "Umetulia. Washa sasa, baba."

Akawasha. Mioto ikakutana, ikafa. Nyumba zote zilipona, lakini miti mingi ya mradi ilikuwa imeshateketea, na yeye ndiye aliyekutwa na kiberiti mkononi.

Nilikwenda polisi nikasema moto wa kwanza ulitoka bondeni, na mimi ndiye niliyemwambia awashe. Wakasema wamenisikia. Afisa anaona aibu hata kunitazama, anasema jambo limeshapita mikono yake. Majirani tuliopona nao wamenyamaza, wanaogopa mradi utakikimbia kijiji. Nimegonga kila mlango ninaoujua, Mama.

Mama Vaileth anampelekea chakula kila siku. Jana alirudi na bakuli limejaa vilevile. Nikalipokea, nikaliweka mezani.

"Ameuliza kama wewe unakula," akasema, akaingia ndani.

Msalimie kaka na mkewe, na shangazi Tusekile wa maziwa. Bibi mwambie nipo tu, haya mengine usimwambie. Ukienda kanisani, mtaje Baba Vaileth kabla yangu.

Ni mimi mwanao,
Atupele