Bata Mzinga wa Waithaka

Jumapili, 5 Oktoba

Kipindi kimeenda hewani! Ifrah amesema yote. Jinsi mume wake wa zamani alivyokuwa akiwakusanya vijana wa Eastleigh na kuwaahidi Ulaya. Wakifika jangwani, simu zinaanza kulia kwa mama zao: lipeni, au msikilize akipigwa. Ifrah ndiye aliyekuwa akiwapikia chai kabla ya safari. Anawajua kwa majina. Yeye peke yake ndiye anayeweza kusimama mahakamani na kumnyooshea yule mtu kidole, na yule mtu analijua hilo.

Jina lake hatukutaja. Sauti yake Mbuthia, fundi mitambo wetu, aliigeuza mpaka ikawa kama ya mzee mwenye mafua. Nani atamjua?

Akina mama walilia kwenye simu, hewani kabisa. Nilianzia ukalimani, hospitalini kule Upper Hill, nikiwatafsiria Wasomali wenzangu maumivu yao, na leo nina kipindi changu katikati ya jiji. Leo nimejiona nina kazi.

Hooyo, mama yangu, amepiga kutoka Eastleigh. Hajui kusifu, huyo. Kasema niache redio nifungue duka la vitambaa, nitaishi zaidi.

Jumatatu, 6 Oktoba

Simu ofisini. Mwanamume, Kisomali safi, sauti ya upole. Kaniita walaal — dada. Kashukuru kwa kipindi. Nami nikachekacheka vile mtu hucheka akisifiwa. Kisha akasema kilichomfurahisha zaidi ni ule mwanzo. Kwaya inaimba Kikikuyu. Na wale bata mzinga! Siku hizi ni wachache wanaofuga bata mzinga, akasema. Akanitakia siku njema.

Nimebaki na simu mkononi. Mbuthia akaniuliza kama nimeona jini.

Bata mzinga. Ya Allah! Kipindi kinaitwa Mlangoni, na kila mara nakifungua kwa sauti za mlangoni kwa mgeni wangu. Mwanzo huo ndio ulionipa jina. Wiki jana Mbuthia aliniambia, "Si tukate hii makelele ya ndege?" Nikamjibu kwa maringo yangu yote: wacha, hiyo ndiyo inaleta uhai. Uhai! Tumegeuza sauti ya Ifrah, tukaacha ya ua mzima.

Ua ni wa Mwalimu Wanjugu, Waithaka. Ndiye aliyenifundisha Kiswahili nilipotoka Muqdisho, sijui hata kuomba ruhusa ya kwenda choo. Sasa amestaafu, anafuga bata mzinga wa Krismasi, na kanisa lao liko nyuma ya ua. Nilimficha Ifrah kule kwa sababu hakuna Msomali hata wa dawa. Nilijiona mjanja!

Nataka kumpigia Mwalimu, naogopa simu yangu. Nitatafuta simu ya mtu mwingine.

Jumatano, 8 Oktoba

Nimempigia Mwalimu kwa simu ya Kavutha, jirani yangu hapa Woodley. Kavutha ni fundi wa nguo. Anashonea chumba cha mbele, wateja wanasimama dirishani. Cherehani yake ya zamani: inakimbia, inakwama, anaipiga kofi, inakimbia tena. Kofi hilo nalisikia mpaka chumbani kwangu. Hata leo niliongea huku inanipigia kelele.

Mwalimu alikuwa na furaha. "Ubah wangu, nimepata mteja!" Kijana msafi, mwenye adabu, kaja jana kuulizia bata mzinga. Ametafuta tangu Kikuyu, tangu Uthiru, kote watu wana kuku tu. Kaomba maji ya kunywa. Kasimama kidogo uani, kasifu maua. Atarudi Jumamosi na gari.

Nikamuuliza Ifrah alikuwa wapi. Jikoni. Alionekana?

"Kwani kuna nini, Ubah?"

Nikamwambia. Nikaketi juu ya nguo za watu. Kavutha akaacha kushona.

"Wee, kuna nini? Nani amekufa?"

"Bado," nikasema. Nimejichukia kwa neno hilo kutwa nzima.

Mchana nilikwenda polisi. Afisa alinisikiliza vizuri tu mpaka nikafika kwa bata. "Madam, mtu kununua bata si makosa." Kweli. Sina hata tisho moja la kumwonyesha. Shukrani na adabu tupu! Angenitukana, angalau ningejua pa kuanzia.

Alhamisi, 9 Oktoba

Tuzo za redio, na kipindi chetu kimeshinda. Hoteli kubwa Upper Hill, vitambaa vyeupe mezani, mimi na dirac yangu ya dhahabu, gauni la sherehe la kwetu. Wakaucheza mwanzo wa kipindi ukumbi mzima. Spika kubwa hizo. Kwaya ya Mwalimu. Kisha — gulugulugulu! Watu wakacheka, wakapiga makofi. Bosi akaninong'oneza kwamba hicho ni kipaji, Ubah, hicho ni kipaji.

Mimi nilikuwa nawatazama wahudumu. Mmoja mmoja. Nani ananitazama?

Wameniita sauti ya wasio na sauti. Ifrah alikuwa na sauti yake, na alikuwa na maficho. Maficho yake nimeyatangaza mimi. Nikaambiwa nihutubu, nikasema asante, nikaketi. Wamesifu unyenyekevu wangu.

Ijumaa, 10 Oktoba

Tumemhamisha! Sikukuu leo, watu wako nje, afadhali. Mpango ni wa Mwalimu mwenyewe. Kwaya ilipomaliza mazoezi, wakatoka akina mama wote pamoja, wanaongea, wanacheka, na Ifrah katikati yao na kitambaa cha kanisa kichwani. Mwana wa mmoja wao akawapakia kwenye gari lake. Nimeambiwa Ifrah alilia njia nzima. Alipofika akaniambia, "Abaayo, dada yangu, hata Mungu nimemdanganya." Nikamwambia Mungu hadanganyiki na kitambaa. Sijui kama nilikuwa namfariji yeye au nafsi yangu.

Kwangu hawezi kukaa, kwangu panajulikana. Yuko kwa Kavutha, chumba cha nyuma, nyuma ya pazia. Kavutha hata hakufikiria.

"Nani atakuja kutafuta Msomali kwa Mkamba? Mlete!"

Tatizo dogo. Ifrah hali nyama ya jikoni kwa Kavutha, si halali. Amekula mkate mkavu. Nikapika kwangu anjera, chapati zetu za maji, na nyama, nikavusha sufuria. Kavutha kajifanya kununa. "Kwani mboga yangu imekosea nani?" Kisha akaomba aonje. Akarudia! Tumecheka, sote watatu, kwa sauti ya chini. Nilikuwa nimesahau kucheka kulivyo.

Jumamosi, 11 Oktoba

Mteja alirudi Waithaka. Kanunua bata mmoja, hakubembeleza hata bei. Akimfunga miguu akasema, "Naona leo uko peke yako, mama."

Mwalimu ananipigia analia. Mwalimu wangu, ambaye sijawahi kumwona analia! Nikamwambia alale kwa dada yake, asibishane na mimi. Amebishana. Ameenda.

Nimevusha sufuria asubuhi, nimevusha mchana, nimevusha jioni. Kila nikitoka natazama huku na huku kama mwizi wa kuku. Ifrah ananiuliza kama walimwona. Nasema hapana.

Kavutha ana magauni ya harusi, hajamaliza. Kesho akitoka kanisani atashona. "Mungu atanisamehe," anasema. "Bibi harusi je?" Nikamwambia afunge dirisha. Kasema akifunga dirisha wateja watadhani amekufa. Kisha akanishika mkono. Nisiogope, kesho atanisikiliza, redio haizimi akishona.

Mbuthia anataka tuweke kipindi cha zamani. Bosi hataki kusikia, tumeshinda tuzo juzi tu. Nami naona nikikosa hewani yule mtu atajua nimejificha. Nitakwenda.

Jumapili, 12 Oktoba

Niko studio. Wimbo unacheza. Naandika kwa sababu nisipoandika nitapiga kelele.

Leo nimefungua kipindi bila sauti za mlangoni. Nimesalimia tu, nikaingia kwenye mada, nikafungua simu. Mama mmoja wa Kawangware. Kijana mmoja. Kisha Mbuthia akaniunganishia mwingine — nikaijua kabla hajamaliza salamu. Ile sauti ya upole. Kwa Kiswahili safari hii, ili wote wasikie.

Kanipongeza kwa tuzo. Kisha: "Dada, mbona leo hakuna sauti ya mlangoni? Tumeizoea. Basi ngoja, leo nikupe ya kwangu."

Akanyamaza.

Cherehani. Inakimbia. Inakwama. Kofi. Inakimbia tena.

Na nyuma yake redio — mimi! Pumzi yangu mwenyewe, inanirudia imechelewa kidogo. Yuko dirishani kwa Kavutha. Amesimama kama mteja, pengine na suruali ya kufupishwa mkononi, na Kavutha amemwambia subiri kidogo, kijana.

Mbuthia alikuwa anatabasamu. Sauti nzuri, eti. Aliponiona uso akaweka wimbo bila kuuliza.

Nimempigia Kavutha. Inalia tu. Akishona huiweka simu kwenye chaji chumbani, na chumbani ni kwa Ifrah, na Ifrah nilimwambia mimi asiguse simu yoyote. Mimi! Mbuthia amewapata polisi, anawapa njia, anarudia jina la mtaa. Woodley, afande. Woodley! Sasa anawaambia si mzaha.

Nani alimwonyesha? Sufuria. Wiki zote mimi husimama dirishani kwa Kavutha, siingii. Tangu Ijumaa naingia na sufuria imejaa, natoka na sufuria tupu. Hata mtoto angejua kuna mtu ndani anakula.

Hajakata. Laini yake bado inawaka. Naisikia kwenye kidude cha sikioni, wasikilizaji hawaisikii. Cherehani bado inakimbia. Ikikimbia Kavutha yuko sawa. Ikikimbia hajaamka kumfungulia mtu mlango.

Wimbo unaisha. Naweza kumwambia Kavutha hewani. Redio iko pale pale kando ya mguu wake — Kavutha, usifungue! Lakini aliye dirishani naye anasikia, yuko karibu na mlango kuliko polisi, na nikimwonya Kavutha hatangoja. Kwa Kisomali nimwambie Ifrah aruke dirisha la nyuma? Kisomali ni chake. Kikamba ningekijua! Miaka yote hii jirani yangu, najua salamu tu.

Mbuthia ameinua mkono. Ananyoosha vidole, anakunja kimoja kimoja. Nasema nini? Ya Allah, nasema nini?

Taa nyekundu. Maiki iko wazi na bado naandika. Sijasema kitu. Kavutha atakuwa ameinua kichwa, anashangaa redio imekuwaje. Atajua. Ananijua, mimi sinyamazi.

Sikioni cherehani imekwama.

Nangoja kofi.