Ukurasa wa 212

Zanesville, Ohio, 3 Machi

Mdogo wangu Lyle,

Hujambo wewe na watoto? Mimi mzima, ila goti linanisumbua. Faili za serikali zimefika kwa wakili wangu, kurasa mia sita, nyingi zimepakwa weusi kama masizi ya sufuria. Ukurasa wa 212 ni wa siku aliyofia Cody gerezani. Una tarehe tu, chini yake weusi mtupu. Serikali inasema hakuna aliyewaambia kwamba mwanangu anaumwa. Nilipiga simu huko gerezani mara tatu, Lyle. Nisipolionyesha hilo kwa maandishi, kesi inatupwa. Wewe kazi yako huko serikalini ni hiyo hiyo ya kupaka weusi maneno yasiyotakiwa kusomwa. Nisaidie neno moja tu.

Dada yako,
Verna

Washington, 20 Machi

Dada Verna,

Pole na goti. Huku hatujambo. Ulichoniomba usirudie tena, nitafukuzwa kazi. Faili ya Cody siijui. Kila mstari unaofichwa una sababu yake kisheria, na orodha ya sababu mtaletewa. Nitakuja Pasaka, ila tusizungumzie kesi mezani.

Mdogo wako,
Lyle

Zanesville, 9 Juni

Mdogo wangu,

Habari za huko? Hapa joto limeanza na usingizi umenihama. Orodha imeletwa. Ukurasa wa 212: "Umefichwa kulinda faragha ya mtu wa tatu." Nilicheka mpaka wakili akanipa maji. Ni nani huyo anayelindwa hivyo, na Cody hakulindwa? Mbona hupokei simu zangu?

Dada yako,
Verna

Washington, 2 Agosti

Dada,

Natumaini u mzima. Mwambie wakili awasilishe hati kwamba wewe mwenyewe unakubali jina lako lifunuliwe popote lilipofichwa. Usiniulize kitu. Barua hii ichome.

Mdogo wako,
Lyle

Zanesville, 14 Oktoba

Lyle,

Afya yako leo siiulizi. Nilitia saini, na jaji akaamuru ukurasa ufunuliwe. "Mama wa mfungwa, Verna Stroud, amepiga simu mara ya tatu, anasema mwanawe anatapika damu. Asijibiwe tena." Kesi haitatupwa. Kwa hilo ahsante.

Jaji alitaka pia kiapo cha aliyeficha. Jina ni lako, na ukurasa uliupaka weusi tarehe 11 Februari. Kwa hiyo nilipokuandikia Machi ulikuwa umeshausoma. Pasaka ulikalia kiti cha Cody, ukala pai yangu ya matofaa, ukaomba kipande cha pili, nami nikiwa nimeanza kujiuliza kama kweli nilipiga zile simu. Kikulacho ki nguoni mwako. Sikukuu ya Shukrani mwezi ujao usije.

Mtu wa tatu,
Verna