Georg wa Ukurasa wa Pili

Jumamosi, 4 Oktoba
Zamu ya asubuhi stesheni, kisha sokoni Walthamstow, hapa London. Mihogo bei ya dhahabu. Mchana nimerudi kwenye picha za kitabu cha ubatizo, kile cha kanisa la Wajerumani wanaotuazima jengo kwa ibada ya Kiswahili. Mama Neema anasema waume wengine wana wanawake wa nje, mume wake yeye ana Wajerumani waliokufa.

Nilitaka tu kumchapishia jirani yetu Doris ukurasa wenye jina la babu yake, Georg Lang, niutie fremu. Ijumaa anapasuliwa moyo.

Nikafungua picha inayofuata. Georg Lang mwingine. Mwaka uleule. Baba mwokaji mikate, vilevile. Mama yake: Lisbeth.

Doris alinitajia Lisbeth, mama wa babu yake, siku ya kwanza kabisa.

Nimefunga kompyuta. Nimekula mihogo yote.

Jumapili, 5 Oktoba
Sikusali, nilikaa tu kanisani.

Doris ana miaka themanini na minne, mjane, hana mtoto. Aprili nilimwahidi kumtafutia ndugu. Nikampata Georg, nikafuata watoto na wajukuu hadi kwa Peter wa Barking, dereva wa basi mstaafu. Walipokutana nililia mimi kuliko wao. Tangu hapo Peter huja kila Jumapili na keki ya mkewe kwenye kopo la bati. Anamwita Doris shangazi.

Na si shangazi yake. Peter ni wa Georg wa ukurasa wa kwanza. Doris ni wa Georg wa ukurasa wa pili.

Nisisingizie Kijerumani changu cha chuo cha Biblia, nilichoacha mwaka wa pili. Kwetu Upareni ukoo una akina Eliya saba, mimi nikiwemo. Ukitaja Eliya, unaulizwa: wa mama yupi? Hata mtoto wa darasa la pili anajua. Nilitaka kumpa mtu ndugu, nionekane wa maana. Sikuuliza.

Leo nimewasikia wakicheka, ng'ambo ya ukuta.

Jumanne, 7 Oktoba
Doris kaniita nimsaidie fomu ya hospitali. Penye ndugu wa karibu anataka jina la Peter. "Safari hii nina wa kuandika," kasema, anang'aa kama mtoto wa Krismasi. Nikasema nimesahau miwani. Miwani ilikuwa usoni. Mwoga mkubwa.

Nimerudi ukurasa wa pili. Kwenye wasimamizi wa ubatizo kuna jina limefunikwa na doa la wino. Ningeweza kulisoma doa hilo kuwa babu mmojawapo wa Peter, undugu ukapona. Nani angebisha? Nimelitazama mpaka chai imepoa.

Doa ni doa.

Jumatano, 8 Oktoba
Nimewaambia.

Peter kwa simu. Kanishukuru kwa kumjulisha, kama mtu wa benki. Ningeomba anitukane.

Doris ana kwa ana, kurasa zote mbili mkononi. Kazisoma kwa kioo cha kukuzia, taratibu. Hakulia. Kauliza, "Na huyu wangu, ana mtu?" Nikasema nyuzi zote zinaishia kwake yeye Doris. "Basi nenda nyumbani, Eliya."

Mama Neema hakunitania hata kidogo. Hapo ndipo nimejua nimefanya nini.

Alhamisi, 9 Oktoba
Asubuhi Doris kagonga ukuta kwa fimbo, ndiyo simu yetu. Fomu iko mezani, imejazwa. Ndugu wa karibu: mimi.

"Umenipotezea mmoja. Kaa wewe." Hakutabasamu.

Kisha kanipa lile kopo la bati, limeoshwa. La mke wa Peter, nilirudishe. Ningeona afadhali kubeba jeneza.

Treni mpaka Barking, kopo mapajani. Peter kafungua mlango. Kapokea kopo, kachungulia ndani kama vile kuna kitu. Nikaomba radhi, vibaya, sentensi haikuisha. Mlango ulipokuwa unafungwa akauliza, "Wodi gani?"

Nimemwambia. Hakusema atakuja.

Ijumaa, 10 Oktoba
Wamemchukua Doris asubuhi. Kanishika mkono, kisha kauachia mwenyewe.

Nimekaa ukumbini. Nesi kaniuliza mimi ni nani kwake. Nikasema jirani. Katazama fomu, kanitazama mimi, kaenda zake.

Mchana wamesema ametoka salama, bado amelala.

Viti viko viwili. Cha pili nimekiwekea koti langu, kisichukuliwe.