Sketi ya Ukoo wa Ewan

Baba, shikamoo.

Mimi ni mzima hapa Glasgow, kazi ya kuhudumia wazee inaendelea, ila baridi imenikamata magoti. Kifua chako kimetulia? Na mpunga huko Maore umepata maji, au bado mnagombania mfereji?

Uliniagiza nimchunguze huyu Ewan anayetaka kumwoa Nanzia wetu, kabla hajaja kuleta posa. Toka mwanzo alinitia wasiwasi. Kwenye simu alikuahidi atakuja amevaa kilti, ile sketi ya sufu yenye marinda na mirabaraba wanayovaa wanaume wa huku, akasema rangi zake ni za ukoo wake tangu enzi za vita vya milimani. Wewe ukafurahi kwamba Mzungu naye ana ukoo.

Nilikwenda kwa fundi anayezishona. Akaniambia zamani kilti ilikuwa blanketi zima, mchana mtu anajifunga, usiku analilalia. Serikali ikalipiga marufuku baada ya uasi wa watu wa milimani, baadaye matajiri wakalirudisha kwa fahari. Hiyo habari ya kila ukoo na rangi zake, nyingi ilipangwa baadaye na wafanyabiashara.

"Wengi huchagua inayowapendeza," alisema, akicheka. Mimi sikucheka.

Jumapili nikaenda kwa mama yake Ewan, naye Ewan akiwepo. Nikauliza ukoo.

"Ukoo gani, mwanangu?" mama akasema. "Babu wa mume wangu alilelewa na watawa, yatima. Hata jina walimpa wao."

Ewan akawa mwekundu hadi masikioni. Tulipotoka nje akaniambia, "Kaka, mzee aliniuliza ukoo kila tulipoongea. Niliogopa nikisema sina, Nanzia ndiyo basi."

Hofu hiyo naielewa, Baba, lakini nimekasirika. Aliyedanganya kwa kuogopa leo, kesho akiogopa kitu kingine atamwambia nini dada yangu?

Nisalimie Mama, na shangazi mwenye genge pale barabarani. Baba mdogo, msemaji wetu wa ukoo, msalimie tu. Haya usimwambie, hawezi kukaa na jambo.

Ewan hajui kwamba nimekuandikia. Akifika, avae anachotaka. Mketishe mbele ya wazee, umwulize ukoo wake kama mtu asiyejua lolote. Akisema hana, mpe Nanzia. Akianza habari za vita vya milimani, mpe chai, kisha mwonyeshe basi la kurudi Same.

Mwanao,
Elisante