Barua ya Chifu

Kituo cha Afya, Kavutini
Kitui
14 Machi 1971

Kwako dada Rahab,

Pokea salamu zangu, na za watu wa huku ambao hawakujui. Kile kifua kilichokusumbua tukifanya mtihani wa unesi Machakos kimepoa? Mimi sina ugonjwa ila vumbi.

Nesi hapa ni mimi peke yangu, na mzee mmoja wa kufunga vidonda. Mpaka mwaka jana kituo kilikuwa cha kaunti kansil, halmashauri ya hapa wilayani. Mzee anasema walikaa miezi bila mshahara, na dawa yenyewe ilikuwa aspirini na maji ya chumvi. Sasa sisi ni wa Wizara. Juzi lori lilishusha masanduku kumi na mawili na friji ya mafuta ya taa, na watoto wa shule wakatoroka darasani kuja kuiona.

Lakini kina mama wazee bado wanakuja na pesa imefungwa kwenye ncha ya leso. Nawaambia malipo yaliondolewa tangu mwaka wa sitini na tano. Jana mmoja, Syombua, alikaa kwenye benchi mpaka jioni, dawa iko mkononi, akingoja kuitwa alipe. Nilipomwambia aende nyumbani akasema, "Nikirudi siku nyingine usije ukanikataa." Nikamwapia kwamba hakuna mtu atakayekataliwa hapa nikiwepo.

Niandikie mambo ya Nairobi. Nimezoea kukusikia ukiongea kitanda cha juu kule bweni la chuo, sasa nalala na kimya.

Ni mimi dada yako,
Mutindi


Nairobi
6 Novemba 1989

Dada Mutindi,

U hali gani huko kwenye jua? Mwanao Kivuva anaendeleaje na shule? Wangu watatu wote wazima, ni mimi tu ninayezeeka kwa kukalia kiti cha Wizara. Wilaya zilipoambiwa zijipangie mambo yao, nilidhani sisi wa hedikota tutapumzika. Kumbe kazi imeongezeka.

Nataka uyasikie kwangu kabla ya redio. Kuanzia mwezi ujao wagonjwa watalipa. Kwa kituo kama chako ni shilingi kumi. Watoto chini ya miaka mitano watapita bure. Asiye na uwezo kabisa ataleta barua ya chifu, asamehewe.

Najua hutapenda. Lakini wewe mwenyewe uliniandikia Juni kwamba huna hata pamba, na mama mmoja alijifungulia juu ya gunia. Serikali haina pesa, dada, si kama zamani. Hizi zitakazolipwa, nyingi zitabaki hapo hapo zikununulie pamba.

Mimi nimepewa kuzungukia Kitui na Machakos kuona mambo yanakwendaje. Nitaanza na wewe, ili nianze na mtu ninayemjua. Unisaidie.

Dada yako wa siku zote,
Rahab


Kavutini
4 Machi 1990

Dada Rahab,

Salamu. Natumai ulifika salama ulipotoka hapa tarehe kumi na tatu mwezi uliopita. Sitauliza habari nyingine, kwa sababu nina neno la kukuambia na nikizunguka sitaliandika.

Unakumbuka ulifungua vitabu ukakuta watu arobaini wametibiwa na risiti ni kumi na moja. Ulinitoa nje, tukasimama kando ya stoo, ukaniambia, "Dada, wewe ndiye wa kwanza ninayemkagua. Nikikuachia, nitawaambia nini wengine? Asiye na pesa alete barua ya chifu. Bila barua usimguse." Nilikubali. Ulipoondoka nilimwambia yule mzee kwamba kuanzia leo tunafuata sheria, na tutaandika kitabuni waliolipa tu, ili hesabu ilingane na risiti.

Siku tisa baadaye alikuja Muthoki. Ni mama wa ng'ambo ya mto, mjane, anasuka vyondo, vile vikapu vya katani. Alikuwa amembeba mgongoni mtoto wake Mwende wa miaka saba, miguu inaning'inia kama ya mtu mzima. Mtoto alikuwa moto. Malaria imekuwa nyingi tangu mvua za mwisho wa mwaka. Muthoki hakuwa na hata shilingi moja. Nikamwambia aende kwa chifu.

Hakubishana nami. Angebishana pengine ningeshindwa. Alikaza leso, akageuka, akaenda.

Chifu alikuwa mkutanoni Kitui mjini. Muthoki alimngoja nje ya ofisi kutwa nzima, na jioni karani akamwambia arudi kesho. Mwende alianza degedege hapo hapo chini ya ukuta. Alikufa njiani, kabla hawajafika mtoni.

Klorokwini ilikuwa kabatini, Rahab. Sindano zilikuwa zimeshachemshwa asubuhi.

Tulimzika Jumamosi. Nilikwenda. Watu walinipisha nikapita, hakuna aliyenitukana. Sasa ikifika saa nne asubuhi benchi yangu ni tupu. Wanaogopa pesa, au wananiogopa mimi, sijui.

Nijibu upesi.

Dada yako,
Mutindi


Nairobi
24 Septemba 1990

Dada yangu Mutindi,

Nakuuliza hali nikijua sistahili kuuliza. Tangu Machi nimekuandikia barua nne, nikazichana zote.

Bila shaka umesikia redioni kwamba malipo ya wagonjwa wa nje yamesimamishwa. Katika vituo nilivyozunguka, wagonjwa walipungua karibu nusu. Hayo niliyaandika kwenye ripoti. Kuna jambo moja sikuliandika popote.

Kabla malipo hayajaanza, sisi wa kuzunguka tulifanyiwa semina, na mkubwa wetu akatueleza kwa mdomo kwamba mgonjwa mahututi atibiwe kwanza, barua ifuate hata baada ya wiki. Akasema nesi anayesimamia kituo anaweza kumsamehe mtu kwa sahihi yake mwenyewe. Tulitakiwa kuwaeleza ninyi hivyo. Niliandika kwenye daftari langu. Siku ile kando ya stoo, daftari lilikuwa kwapani mwangu.

Sikukuambia kwa sababu nakujua. Nilijua ukisikia kwamba unaweza kusamehe, utawasamehe wote, na kituo changu cha kwanza kitaonekana kibaya. Nilikuwa natafuta cheo, Mutindi. Nilikipata mwezi wa tano.

Mume wangu hajui hili. Sijamwambia. Nimekuambia wewe.

Ukisema nije, nitakuja, nifike mpaka kwa Muthoki.

Dada yako, kama bado waniruhusu kujiita hivyo,
Rahab


Kavutini
19 Julai 1992

Rahab,

Natumai unaisoma hii ukiwa na afya, wewe na watoto wako. Sisi tupo, njaa ya mwaka huu imetukondesha lakini tupo. Nimekaa karibu miaka miwili bila kukujibu. Si kwamba barua ilipotea. Siku ilipofika niliisoma mara tatu.

Jumapili iliyofuata niliichukua nikaenda kwa Muthoki. Nilimsomea yote kwa Kikamba, hata pale pa cheo. Halafu nikamwambia langu, kwamba hata bila daftari lako, ufunguo wa kabati ulikuwa mfukoni mwangu na hakuna aliyenishika mkono. Nilikuogopa wewe kuliko nilivyomhurumia mtoto wake.

Alisikiliza huku anasuka. Nilipomaliza akauliza, "Mwende alikuwa wa ngapi siku hiyo?"

Sikumwelewa. Akanieleza kwamba alipokuwa anageuka kwenda kwa chifu aliniona nimeshika kalamu naandika. Siku zote hizo ameamini kwamba nilimwandika mtoto wake kitabuni, na kwamba huko Nairobi watu wanaosoma vitabu hivyo wamemwona, ndiyo maana malipo yakasimamishwa. Ilibidi nimwambie kweli. Waliokuwa hawana pesa hatukuwaandika. Nilikuwa najumlisha risiti.

Hapo aliweka kyondo chini akalia. Siku ya mazishi hakuwa amelia.

Nilimwambia pia kwamba uko tayari kuja. Alikataa. Hataki mtu wa kupiga magoti nyumbani kwake.

Nakuandikia leo kwa sababu tumesikia malipo yamerudi, yameanza na hospitali kubwa na baadaye yatatufikia sisi. Mimi nimeomba kustaafu, namaliza Desemba. Mpaka siku hiyo hakuna mtu atakayetumwa kwa chifu kutoka hapa, na mkaguzi aje tu. Atakayenifuata ni msichana mdogo, ndiyo kwanza ametoka chuo. Nitamwonyesha kabati, nitamwambia ulichokificha na nilichokifanya. Lakini sitaweza kuwaambia manesi wa vituo vingine vyote. Wewe unaweza, una cheo. Lile neno la mdomo liandike kwenye karatasi, herufi kubwa, limfikie kila mmoja wao.

Usinijibu. Barua zako nilizipenda kuliko kitu chochote kilichokuja kwa posta, na nikiona mwandiko wako nitafurahi kabla sijakumbuka. Muthoki ananipita njiani kila asubuhi akienda kuchota maji. Ananisalimia. Nataka nikimjibu niwe sina kitu chako mkononi.

Mutindi