Mabuti ya Baba Nimeyavaa Mimi

Rusimbi, Kigoma

Mama yangu mpendwa,

Shikamoo Mama. Natamani barua hii ikukute umekaa kibarazani, goti lako limepoa na unakula vizuri. Mvua zimewahi huko Rumonge? Na ile michikichi ya nyuma ya nyumba, bado mnaivuna ninyi, au watu wameshaichukua? Mimi ni mzima, kile kikohozi cha vumbi kimeniacha. Barua anakuletea yule mama mwuza mawese anayevuka na boti. Mpe kaka Dismasi akusomee, lakini mkae ninyi wawili tu, na mlango mfunge, maana ina habari za Baba.

Nilikueleza kwamba niliacha kuanika dagaa kule Kibirizi. Sasa nipo kwa Mzee Ramadhani, fundi viatu wa hapa Rusimbi. Macho yake yamechoka, akanichukua nimsaidie kushona. Mwanzoni watu walimcheka kwa kuweka mwanamke kwenye kazi ya viatu, tena mkimbizi. Yeye akawajibu, "Leteni soli zenu kwanza, kucheka baadaye." Wakaleta.

Mwezi uliopita alikuja dada mmoja mpole, mjamzito, amebeba gunia. Alisema mume wake anaitwa Danieli, anasimamia wapagazi Kibirizi, na anataka viatu vyake vibadilishwe visigino. Akafungua gunia. Mama, yalikuwa mabuti marefu ya ngozi, yale ya kupandia farasi, yanayofika chini ya goti, yenye kamba pale mguu unapokunjwa na mkanda mdogo wenye bizimu juu. Rangi ya kahawia iliyoiva. Mikono yangu iliyajua kabla ya kichwa changu. Juu ya buti la kulia palikuwa na mshono wa uzi wa wavu, mishono kumi na mmoja, wa mwisho umekwenda upande. Mshono wako.

Nilingoja dada yule aondoke, nikainua soli ya ndani ya buti la kushoto. Kitenge kilikuwepo, cha njano chenye samaki wa bluu, kimekunjwa mara nne, kama ulivyomwekea Baba kwa sababu mguu wake wa kushoto ulikuwa mdogo. Nililia mpaka Mzee Ramadhani akaweka nyundo chini.

Sasa nikuambie nililokuficha. Siku ile Baba alipochukuliwa, wewe ulikuwa kwa bibi milimani. Nilikuambia walikuja watu tusiowajua. Si kweli. Aliyewaleta ni Severini, karani wa shamba la michikichi, yule aliyekuwa akila ugali kwetu kila Jumapili. Nilikuwa nimejificha kwenye marundo ya makuti, nikamsikia. Alimwambia Baba, "Zakaria, vua mabuti, unakokwenda hutayahitaji." Baba akakaa chini, akafungua kamba moja moja bila haraka. Severini akayavaa palepale. Sikukuambia kwa sababu aliendelea kuwa jirani yako, nami nakujua, ungekwenda mlangoni kwake na wangekuua na wewe. Halafu mambo yakageuka, naye akakimbia kama sisi tuliovuka, akabadili jina. Danieli ni Severini.

Mzee Ramadhani aliponisikiliza aliuliza neno moja tu: "Unataka nini?" Nilimwambia nataka kupiga misumari kutokea ndani, ncha juu, amwage damu kila hatua. Sikutania. Tayari nilikuwa nayo mkononi. Akasema, "Akivaa hivyo ataumia siku moja. Wewe yavae." Basi nikayapaka mawese, kama Baba alivyokuwa akiyapaka, nikajaza vitambaa kwenye vidole, nikayavaa. Yananifika gotini kabisa. Ngozi yake imekuwa laini, na unapotembea inatoa sauti.

Siku ya tatu alikuja mwenyewe. Amenenepa. Dukani palikuwa na wateja wawili. Alinitazama miguuni kabla hajanitazama usoni.

"We binti, vua mabuti yangu."

"Yako tangu lini?" nikamwuliza.

"Niliyanunua Bujumbura, kwa Mgiriki."

Mzee Ramadhani hakuinua kichwa. "Kama ni yako, bwana Danieli, tuambie chini ya soli ya buti la kushoto kuna nini."

"Kuna nini! Kuna ngozi, kuna misumari."

"Kuna kitenge cha mama yangu," nikasema. "Cha njano, kina samaki wa bluu." Nikalivua lile la kushoto, nikampa mama mmoja Mha aliyekuwa akingoja kandambili zake. Akaingiza mkono, akainua soli, akakitoa kitenge, akakikunjua mbele ya watu wote.

Ndipo Severini akaniuliza kwa Kirundi, taratibu, "Uri nde?" Ati mimi ni nani!

"Mimi Godeliva wa Zakaria. Na wewe ni Severini."

Akasema atanipeleka kwa afisa wa wakimbizi, nirudishwe kambini, kwa kuwa naishi mjini bila kibali. Nikamwambia, "Twende sasa hivi. Ukifika utaandikisha jina gani?" Akaondoka.

Ungedhani nimeridhika. Sikuridhika hata kidogo. Nilitaka kitu kimoja kutoka kwake: mahali alipomfukia Baba. Wewe ulikataa kuvuka ziwa kwa ajili hiyo tu, na yeye miaka yote alijua.

Basi nikaanza. Jumapili nilikwenda kanisani kwake, ambako ndiye aliyekuwa akiongoza nyimbo, nikatembea polepole juu ya saruji mpaka benchi la mbele. Alipotea katikati ya ubeti. Jumapili iliyofuata nikarudi. Siku za kazi nilipitia Kibirizi, nikasimama kando ya magunia yake. Vijana wa pale walinizomea, "Sista, farasi umemwacha wapi?" Nami niliwajibu kweli: mabuti ni ya baba yangu, na msimamizi wenu anajua yalivuliwaje. Sikuongeza chumvi. Baada ya wiki mbili wapagazi walikataa kupokea amri zake. Kanisani wakamwambia apumzike kuimba. Nilifurahi, Mama, sikufichi. Nilikula vizuri na kulala vizuri.

Akahamia Simbo, kulima mihogo. Nikamfuata Simbo. Ni mwendo mrefu na jua lilinipiga, visigino vikanichubuka. Nilimkuta shambani na mke wake. Yule dada alinijia mbio, "Dada yangu, mwonee huruma, hali chakula, amekwisha." Nikamwambia, "Mwulize mumeo kwa nini nakuja." Akageuka, akamwuliza. Nadhani hakuwahi kumwuliza kitu kwa sauti ile.

Severini alikaa chini kwenye tuta. Akachora kwa kidole kwenye udongo: nyumba ya kukamulia mawese, kijito, daraja la mbao. Akasema ni ng'ambo ya kijito, hatua chache kutoka darajani upande wa ziwa, penye mawe matatu makubwa. Baba hayuko peke yake. Yuko na Gabrieli, dereva wa lori. Mwambieni mke wa Gabrieli, naye anangoja kama wewe.

Alipomaliza akasema, "Nisamehe." Nikamjibu siwezi, na hata ningeweza nisingetaka. Mke wake alikuwa amesimama, amesikia yote. Aliweka jembe chini, akaingia ndani, akatoka na furushi la nguo kichwani, akashika njia ya mjini. Hilo sikulikusudia. Lakini sikumzuia. Tuliongozana mpaka njia panda, naye hakunilaumu. Sasa anaanika dagaa pale nilipokuwa mimi.

Mama, nendeni pale mchana, mkiwa wengi, na katekista awepo. Mzikeni Baba vizuri.

Msalimie kaka Dismasi, ajue kwamba kazi hii ni yake kwa kuwa mimi siwezi kuvuka. Msalimie shangazi Perpetua, mshonaji wa sokoni, na bibi yetu wa milimani kama bado anasikia. Mpe pole mke wa Gabrieli. Mzee Ramadhani anakusalimu, anasema anatamani kumwona mwenye mshono ule.

Padri amenishauri nisiende tena Simbo. Amesema nimeshapata nilichokuwa nakitafuta. Nimemsikiliza kwa heshima. Jumamosi nitakwenda.

Mwanao anayekupenda, asiye na la kukuficha tena,

Godeliva