Yaya, Uliamuru Nizungushwe Anvers

Yaya, dada yangu mkubwa,

Unisamehe. Tangu nirudi Durban mtoto ametambaa mpaka ametembea, na sijakuandikia hata mstari. Kutwa nasuka watu nywele saluni, hapa Albert Park. Nikifika nyumbani mikono haitaki hata kijiko, sembuse kalamu.

Lakini nikuambie ukweli, bado nimekukasirikia. Ulizikwa kabla visa yangu haijatoka. Nikafika Anvers, huko kwenu Ubelgiji, na mtoto mgongoni, nina siku moja tu, nikamwomba shemeji jambo moja: nipeleke kwa dada yangu. Yeye, kanisa kubwa kwanza. Kisha ule mto wenu, maji rangi ya chai ya jana. Kisha akatushusha kwenye njia iliyochimbwa chini ya mto, kwa ngazi za mbao zinazojiendesha zenyewe. Mtoto akalia mpaka ng'ambo; tukageuka, akalia mpaka tulikotoka. Kisha bustani ya wanyama, twiga. Mimi nivuke mawingu yote yale, niende kumtazama twiga anayetetemeka kwa baridi?

Kila nikiuliza kaburi liko wapi, jibu ni lile lile, eti dada yako alisema ukikuja nikuzungushe kila mahali. Eish, Yaya. Hata umekufa bado unatupanga kama watoto wa shule.

Makaburini tulifika wanakaribia kufunga. Pale getini shemeji akasimama.

"Ingia wewe," akasema. "Mimi tangu tumzike sijarudi."

Ndipo nikaelewa mzunguko wote ule. Nilitaka kumfokea, nikamwonea huruma.

"Shemeji, mimi kesho naondoka. Nani atamfagilia kaburi? Twende."

Nikamshika mkono kama ninavyoshika mtoto kwenye robot, zile taa za barabarani, magari yakipita. Akaingia. Akapiga magoti, akalia. Na mimi? Mtoto alikuwa amelowa chapa. Nikambadilisha nepi pale pembeni yako, mlinzi akaja na funguo zake, na neno hata moja sijakuambia.

Basi nakuambia sasa. Lala salama, Yaya. Mume wako anakuja kukufagilia kila Jumapili, alinipigia simu akaniambia, kwa hiyo usimsumbue. Na huyu mtoto nitamlea akujue, hata kama ni kwa picha na kwa ukali wangu.

Ulizoea kuniuliza unitumie nini. Nguo zinatosha. Nitumie maneno ya kipande cha pili cha ule wimbo mama aliotubembelezea. Mimi nimebaki na cha kwanza tu. Nitumie na usingizi. Hata wa usiku mmoja.